Filister Mbele ya Rais

Asubuhi askari walipokuja kubomoa nyumba za mabati kisiwani Remba, Filister Omanga aliacha omena, dagaa wake, juani, akawakimbilia na karatasi ya mahakama iliyokataza ubomoaji. Mkubwa wao aliisoma mpaka mwisho, akamrudishia.

"Mama, sisi tumetumwa na Rais mwenyewe."

Nyumba zikabomolewa. Mwaka mmoja baadaye maneno hayo yalifika Bungeni. Theluthi moja ya wabunge waliunga mkono kuletwa kwa hoja ya kumwondoa Rais madarakani kwa kuvunja Katiba, na theluthi mbili wakaipitisha. Watu wa Remba walidhani ameshaondoka. Kisha wakili mmoja aitwaye Ayesha akampigia Filister simu kutoka Nairobi.

"Bado, mama. Wabunge wamemshtaki tu. Watakaoamua ni maseneta. Kumi na mmoja kati yao wanachunguza, wana siku kumi, na Rais ana haki ya kujitetea. Wanataka kukusikia."

"Mimi? Nimshtaki Rais?"

"Sema tu ulichokiona."

Alisafiri na mumewe, Willis. Katika chumba cha kamati, Rais alikuwa ameketi hatua sita mbele yake, katikati ya mawakili wake. Filister aliapa, akaanza kusimulia. Alipofikia maneno ya yule askari, Rais aliinuka ghafla.

"Huyu mama amefunzwa maneno!"

Mwenyekiti, mwanamke mfupi mwenye miwani, hakupaza sauti. "Mheshimiwa Rais, shahidi anazungumza. Zamu yako itafika."

Filister alishika ukingo wa meza, akingoja kishindo, askari, chochote kile. Rais akaketi.

Mtu mwenye jeshi zima alikuwa amenyamaza ili muuza omena amalize sentensi yake.

Zamu ya Rais ilifika kweli. Mawakili wake walimhoji Filister saa nzima, na hakuna aliyewazuia. Walimwonyesha kwamba alikosea tarehe. "Ni kweli, hapo nimekosea," alisema. Lakini karatasi aliiona ikisomwa, na hilo hakulibadilisha.

Siku ya kura ya Seneti, kamati ikiwa imeshatoa ripoti yake, alikuwa amerudi Remba. Watu walijaa mbele ya duka la Abdikarim, muuza vyombo, aliyeelekeza televisheni yake barabarani. Seneti nzima ilipiga kura kwa kila shtaka peke yake. Mawili yakaanguka kwa kukosa ushahidi. La Remba, kama mengine, lilihitaji kura arobaini na tano, theluthi mbili ya maseneta.

"Arobaini na saba," akasema Spika.

Hakuna aliyeshangilia. Kwenye televisheni, mtu aliyekuwa Rais dakika moja iliyopita alifunga kifungo cha koti, akawapa mawakili wake mkono, akatoka kwa miguu yake mwenyewe.

"Nyasaye, Mungu wangu," Willis akanong'ona. "Hata risasi moja haijalia."

Machozi yalikuwa yakimtiririka Filister, na hakuyapangusa.