Ua Begani kwa Marcellin

Jumatano moja ya Agosti 2017, saa tatu asubuhi, Arlène alikuwa kwenye cherehani yake huko Bertrams, Johannesburg, akimalizia ua la tisa kati ya kumi na mawili aliyoagizwa na kampuni ya ulinzi kwa mabega ya sare zake. Lilikuwa ua la njano lenye petali tatu, ya kati imesimama, za pembeni zimejikunja, na mkanda umezibana kiunoni. Simu ikalia. Alikuwa Salvator, msimamizi wa walinzi wa kampuni hiyo, Mrundi aliyemtafutia mumewe Marcellin kazi. Alisema wezi wameingia kwenye ghala la Turffontein alfajiri, na Marcellin amepigwa risasi getini, amefariki. Arlène akazima mashine.

Marcellin alikuwa mwalimu wa historia Uvira kabla ya kuwa mlinzi Johannesburg, na ndiye aliyemweleza mkewe habari za ua hilo. Lilikuwa nembo ya wafalme wa Ufaransa. Wenyewe walidai malaika ndiye aliyelishusha. Wengine wakasema ni yungiyungi la Bikira Maria. Waliolitazama vizuri wanasema ni ua la kawaida tu la mabwawani. Mwenye kampuni aliliona kwenye chupa ya mvinyo, akalipenda. Hapo Marcellin alikuwa akicheka, kisha sauti yake ikishuka akifika visiwa walivyotawala Wafaransa, kwenye mashamba ya miwa, ambako mtumwa aliyetoroka akakamatwa alichomwa ua hilohilo begani kwa chuma cha moto, ili kila amwonaye ajue ana mwenyewe. Akitoroka tena, walimchoma bega la pili.

"Mie nimekimbia mara mbili, Kongo na kambini," alimwambia mkewe. "Lakini wewe unishonee moja tu, mama Murielle. Inatosha."

Alhamisi, mhudumu wa mochwari alimpa Arlène habari mbili. Ya kwanza, polisi wameandika kwamba marehemu ni mmoja wa wezi, maana hakuwa na kitambulisho na kampuni imesema haina mlinzi wa jina hilo. Ya pili, shati halivuliki. Ua la begani lilikuwa limetoa mizizi ikapenya kitambaa na kushika nyama, na juu yake limechomoza shina la urefu wa shubiri lenye ua moja, bichi, la njano. Mhudumu alikuwa ameshalimwagilia mara mbili, kwa kuwa hewa ya chumba kile ni kavu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kinaweza kunukia.

Arlène hakushangaa. Uchungu ulikuwa umemjaa hata pa kuweka mshangao hapakuwapo. Alitaka kitu kimoja tu, barua ya kampuni yenye mstari mmoja kwamba Marcellin alikuwa mlinzi wao, ili asizikwe kama mwizi. Kanisani Troyeville watu walishaanza kunong'ona. Binti yao Murielle alirudi kutoka shule akauliza kwa Kiingereza kama ni kweli baba alikuwa anaiba, na Arlène, ambaye Kiingereza chake ni cha sokoni, alimjibu kwa neno moja tu, "No."

Ijumaa Salvator akaja mochwari na mfuko wa plastiki na mkasi.

"Pole sana, shemeji. Bosi anataka shati."

"Anataka shati la mtu asiyemjua?"

Salvator akatazama viatu vyake. "Anasema Marcellin aliliiba."

"Na ua je? Tazama, Salvator. Limeota kwa damu yake. Mwizi anaweza kuota ua la kampuni?"

Salvator aliinama, akalinusa, akakubali kwamba ni lenyewe. Akampigia bosi, akamweleza mizizi ilivyo na shina lilivyo. Bosi hakubisha. Aliuliza tu kama limefunguka lote.

"Amesema ua ni letu, hilo halina ubishi," Salvator alisema akishusha simu. "Mtu ndiye haiko kwa listi."

"Ni wewe ulimwandika kazi, Salvator. Kwa mkono wako."

"Eish, shemeji. Hata mimi karatasi zangu za ukaaji zimeisha muda."

Salvator alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Kisha akaikata mizizi kwa mkasi. Bega likatoa damu kidogo, ingawa ilikuwa siku ya tatu tangu Marcellin afe, na mhudumu akaifuta kwa pamba. Shati likavulika, likatiwa kwenye mfuko wa plastiki. Salvator akalifunga ua kwa gazeti lililoloweshwa maji, akaondoka nalo akiwa amelikumbatia.

Marcellin alizikwa Jumamosi. Walikuja watu saba, na kwenye faili la polisi hakuna kilichofutwa.

Wiki mbili baadaye Arlène alikwenda tena kwenye kampuni kuomba barua, mara ya nne. Ua lilikuwa mapokezi, ndani ya glasi ya maji, halijanyauka hata ukingo, na mteja mmoja alikuwa akiisifu harufu yake. Msichana wa mapokezi akamuuliza amekuja kumwona nani.

"Mume wangu," Arlène alisema.

Msichana akafungua orodha ya wafanyakazi, akapitisha kidole jina baada ya jina hadi chini, akageuza ukurasa, akarudia. Halafu akamwambia kwa upole kwamba hayupo.