Samaki Waliozoea Kivuli

Otmar alipohamishiwa Kishapu mwaka 1973, wanakijiji walimpa jina la marehemu siku ileile. Walimwita Bwana Samaki, kama walivyomwita Ansgar, ofisa aliyepandikiza sato katika lambo lao, kisha akazama humohumo mvua za Machi zilipomkuta juu ya tuta. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Walimtafuta siku nne wasimpate, na tangu hapo hakuna aliyekula samaki wa lambo lile.

"Wanamngoja," alisema mzee Masele, mwenyekiti wa kijiji. "Simama hapo juu ya tuta, utawaona."

Otmar akasimama, mabuti yake ya kazi miguuni. Kivuli chake kikaanguka juu ya maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mara maji yakaanza kuchemka chini ya miguu yake: midomo, ishirini, hamsini, ikifunguka na kujifunga. Alipogeuka, Masele alikuwa ameshashuka tuta, anakwenda zake haraka.

Otmar hakuwa mtu wa kuogopa samaki. Miaka kumi na miwili alikuwa amefanya kazi kaskazini, milimani kwenye baridi, katika kituo cha kuzalishia trauti, samaki wa maji baridi, na huko alijifunza kumtambua samaki wa tangi na samaki wa mto kwa kumtazama tu. Trauti aliyelelewa kwenye saruji, akibanana na wenzake, mapezi yake hulika kama ufagio mkuukuu. Ukimwachia mtoni hukifuata kivuli cha mtu, maana kwake mtu ni chakula, na wavuvi wa ndoano humnasa wiki ya kwanza. Aliyezaliwa mtoni ana mapezi mazima, na ukikanyaga jiwe vibaya ukingoni humwoni tena kutwa.

Sato si trauti, lakini Otmar aliona hawatapishana sana. Akachukua ndoano na minyoo. Upande wa mbali, kwenye matete, alikaa nusu siku akapata wawili tu, wakali, wa mapezi mazima. Penye tuta alipata saba kabla sigara yake haijaisha. Mapezi yao yalikuwa yamechanika kwa kugombania kitu. Na wanne kati yao walikuwa wadogo, urefu wa kiganja.

Hao wadogo ndio waliomnyima raha. Walikuwa wa mwaka jana. Ansgar hawakumwona kamwe. Nani basi aliyewafundisha kivuli cha mtu?

Jioni tatu mfululizo alikaa kwenye tuta asione mtu. Mara kwa mara alihisi kuna aliyesimama nyuma yake. Akigeuka, ni upepo tu na ng'ombe wanaorudi. Siku ya nne akaja alfajiri. Kwenye tope la ukingoni akakuta nyayo mbichi za mabuti makubwa ya mpira, aina wanayopewa maofisa wa samaki. Yeye alikuwa amevaa kandambili.

Akazifuata. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Mwisho wa tuta alisimama mtu aliyempa mgongo, amevaa koti refu la mvua la serikali, kichwa kimeinama majini, na maji yote mbele yake yalikuwa midomo.

"Ansgar?" Otmar alijisikia akisema.

Mtu yule akageuka. Alikuwa mwanamke, na mkononi ameshika kopo la pumba za mtama.

"Shikamoo," alisema kwa upole, kama vile wamekutana njia ya kisimani.

"Marahaba." Otmar alimfahamu kwa sura: Scolastika, mjane wa Ansgar, aliyeishi na bintiye nyuma ya ghala la pamba. "Mama Justa, unafanya nini hapa?"

"Nawalisha. Wanayajua mabuti haya, jozi yake ya pili. Nikija na miguu mitupu hawaji. Nikiyavaa wanadhani ni yeye."

"Unajua watu wanasema nini juu ya samaki hawa?"

"Kwamba walimla. Najua." Akamwaga pumba zilizobaki. "Basi yumo ndani yao. Nimwache na njaa?"

Otmar alikuwa na barua mfukoni. Mvua ilikuwa imekataa, mtama umekauka mashambani, na wilaya ilikuwa imeamua lambo livuliwe ili kijiji kipate chakula.

"Baada ya wiki mbili linaletwa kokoro, wavu wa kukokota," alimwambia. Kisha akamweleza habari za trauti wa tangi, jinsi walivyomfuata mtu hadi kwenye ndoano. "Wavu utaanzia hapa. Wale wa kwenye matete wengi watapona. Hawa wako hawatakimbia."

Scolastika akaliweka kopo chini.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayewaua."

Akainama, akaokota jiwe, akalitupa katikati ya midomo. Samaki wakatawanyika. Kisha, taratibu, wakarudi. Hapo ndipo alipoanza kulia. Akatupa jingine.

Siku kumi na mbili alikuja kila alfajiri na mabuti yale, akayapiga maji kwa fito hadi mikono ikachubuka. Otmar alikuwa akimsindikiza, akisimama kando, asijue kama anachotazama ni huruma au ukatili. Siku ya tano samaki walipungua. Siku ya kumi alikuja mmoja, akapigwa, hakurudi. Siku ya kumi na mbili Scolastika alisimama hadi jua likachomoza, na maji yakatulia tuli.

"Wamekwenda," alisema. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa habari ya msiba asubuhi ile.

Kokoro lilitoa matenga saba, kambale kwa sato. Watu walikula, maana njaa ilikuwa imeishinda hofu. Scolastika hakuonekana siku hiyo. Kesho yake alikuja kumwomba Otmar ampeleke misheni kwa baiskeli.

Padre alimpokea barazani. Kwa miaka mitatu alikuwa amemsihi mama huyu waseme misa ya marehemu, naye akikataa.

"Mwili haujapatikana bado?" aliuliza.

"Haujapatikana, Padre." Scolastika alishika ukingo wa meza. "Lakini amekufa."

Misa ilisomwa Ijumaa. Masele, ambaye hakuwa amebatizwa, alikuja pia, akasimama mlangoni na kofia mkononi mpaka mwisho.

Baada ya misa walirudi wawili kwa baiskeli. Walipofika njia panda, Scolastika alimwomba Otmar asimame. Akashuka, akajifunga vizuri khanga yake.

"Wewe tangulia," alisema. "Nataka kulia kidogo peke yangu kabla Justa hajatoka shule."

Otmar akaendesha polepole, bila kugeuka nyuma.