Salamu Nzima

Zein, mchonga milango wa Mji wa Kale, ndiye aliyekitunga Kisawe. Alikitunga kwa nia njema, sikatai. Alitaka lugha ambayo hakuna aliyezaliwa nayo, ili watu wakikutana asiwepo mwenyeji wala mgeni. Tukaipenda kama wajinga. Kila Jumamosi tulikaa kando ya uwanja wa Tononoka tukibwata Kisawe, hata wapita njia wakatuona tumerukwa na akili.

Lakini kila mtu alikuja na kwao mdomoni. Zein na wenzake wa Mji wa Kale walirefusha salamu: umeamkaje, watu wa nyumbani, wagonjwa, safari, ndipo uombe idhini ya kuingia. Sisi Wagiriama tulitia vicheko na nyimbo za kwetu. Awiti, fundi cherehani wa kutoka bara aliyepanga Likoni, alikata yote hayo. Alikushika mkono kwa nguvu, akasema "Sawe!", basi, kamaliza.

Jambo hilo lilimchoma Zein. Akatangaza mbele ya wote kwamba mlango wake haufunguki mpaka mgeni aimalize salamu nzima. Tukadhani anatania. Siku moja Awiti akaenda na Kahindi, Mgiriama mwenzangu, akaugonga, akapaza "Sawe!", kisha wakatimua mbio wakicheka, watu wazima na akili zao. Zein hakucheka.

Agosti ya mwaka wa tisini na saba, Likoni ikachafuka. Watu wa bara wakatupiwa vikaratasi wahame, na nyumba zikaanza kuchomwa. Mimi nilikuwa Kaloleni, matangani kwa shangazi. Awiti akafungasha nguo zake, akavuka feri, akaja kwangu Tononoka, akakuta kufuli. Jirani yangu ndiye aliyemwona akigeuka na mfuko wake kuelekea Mji wa Kale.

Yaliyotokea huko nilielezwa na Mwanaesha, dada yake Zein, ambaye miguu imemshika na hashuki ngazi bila kushikiliwa. Alikuwa kitandani chumba cha juu, akasikia mlango ukigongwa.

"Sawe!" Awiti akaita.

Zein, aliyekuwa chini akipiga msasa, akajibu kwa Kisawe kwamba amalize.

"Sawe, Zein. Sina pumzi leo."

"Basi nenda kaitafute, uje nayo."

Mwanaesha akapaza sauti kutoka juu: "Zein, mfungulie! Mtoto wa watu yuwatweta huko nde!"

"Muwate, dada. Yuwaja kunitezea shere, kama siku ile."

Awiti akagonga tena, polepole. Kisha nyayo zikaondoka. Msasa ukaendelea.

Zein aliapa baadaye kwamba hakuwa na habari za Likoni. Mimi simwamini. Mji mzima ulikuwa hauzungumzi jingine. Nadhani alizisikia, akaona ni mambo ya ng'ambo ya maji, hayamhusu yeye wala mgeni aliye mlangoni pake.

Awiti akarudi alikotoka, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Usiku ule chumba chake kikachomwa naye akiwa ndani. Ndugu zake walipokuja kumchukua kumpeleka kwao, walipewa kitu kidogo sana, kimefungwa shuka la hospitali. Nililia mpaka nikatapika.

Tulikaa matanga kwangu, Wagiriama, Waswahili, na majirani wa bara waliosalia. Hakuna aliyesema neno la Kisawe. Siku ya pili mchana mlango ukagongwa, nami nikachungulia dirishani nilipoketi.

Zein alikuwa amesimama nje, kanzu imemkaa ovyo, macho yamemvimba. Hakuthubutu kushika kitasa. Akaanza salamu kwa Kisawe, yote, kama alivyotufundisha: umeamkaje, watu wa nyumbani. Alipofika kwa wagonjwa sauti ikamkwama. Akarudi mwanzo. Watu ndani wakanitazama mimi, mwenye nyumba.

Nilitamani nimwache pale mpaka jua lizame. Nilitamani nimwambie akatafute pumzi. Nilimchukia mtu yule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Nikainuka, nikafungua mlango wazi kabla hajafika kwa safari.

"Pita," nikamwambia kwa Kiswahili. "Waona mlango unavyofunguliwa?"