Kibamba cha Tisa

Mimi Mbuvi sikuzoea kushindwa na chuma, na kiburi hicho ndicho kilichoniponza. Mwaka wa hamsini na nne nilikuwa fundi katika studio ya Kirit, Thika. Kamera yake ilikuwa na lenzi ya zamani: ndani vibamba tisa vyembamba vya chuma, vimelaliana. Ukizungusha pete, tundu la mwanga linapanuka au linabanwa. Kimoja kikavunjika. Kirit akasema niache pengo, picha zitatoka tu nikipunguza mwanga. Pengo! Kwani mimi fundi wa baiskeli?

Nikakata kipya kwenye mkebe wa kipande cha baba, kile kitambulisho cha kazi cha wakoloni, mkebe alioning'iniza shingoni miaka yote aliyofanya kazi shamba la mkonge. Alikufa nikinyonya. Picha hakuacha, karatasi ya mkebeni ilikuwa na alama za vidole tu. Nikalisugua lile bati juu ya jiwe siku mbili mpaka likaingia sawasawa.

Ijumaa akaja Githinji, mvunja mawe wa Mugutha, na mama yake Ngendo. Ilikuwa Hali ya Hatari; pasi yake ya kutembelea ilitaka picha kabla ya saa kumi, la sivyo askari wangempandisha lori la kambi ya kizuizini. Kirit alikuwa Nairobi na ufunguo wa stoo. Nilikuwa na vioo vitatu tu vya kupigia picha.

Nikapiga cha kwanza, nikakisafisha gizani. Shati lilikuwa la Githinji, hata kifungo kilichokatika. Uso ulikuwa wa mtu mwingine, na sikio la kushoto halikuwa na ncha. Nikasema kioo kimeharibika, nikapiga cha pili. Mtu yuleyule, sasa midomo imeachana kidogo. Mama alinisimulia mara nyingi jinsi mashine ya mkonge ilivyomla baba ncha ya sikio.

Nje ya pazia Ngendo aliniita. "Fundi, lori limeshafika."

Dawa niliijua: toa kibamba, acha pengo. Nikaifungua lenzi, nikakishika kwa kibano. Lakini sikuwahi kumwona baba, jamani, hata siku moja, na pale alikuwa kama anataka kuniambia neno. Haki ya Mungu, nilikirudisha. Nikamwambia Githinji akae vilevile, mikono magotini, nikapiga kioo cha mwisho.

Githinji hakutikisika, nilikuwa nikimtazama. Picha ilipotokea majini, yule mtu alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili.

Askari waliingia kabla haijakauka, wakamtoa Githinji akiwa bado anawaeleza kwamba picha iko tayari. Ngendo akaichukua mkononi mwangu, ikimchuruzika maji, akaitazama muda mrefu.

"Ni mashine imekosea?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, mama, ni mashine.