Misa ya Shukrani ya Mjomba Santuri

Mume wangu alikuwa na majina mawili. La ubatizo ni Gozbert, na ndilo lililokuwa kwenye kitambulisho chake cha ukarani bandarini. La pili ni Mjomba Santuri. Hilo alilitumia mara moja kwa wiki, Jumapili saa kumi jioni, kwenye redio moja ndogo ya hapa Temeke, akipiga nyimbo za dansi za zamani na kupokea salamu. Wasikilizaji nao walikuwa na majina yao ya redioni: Kipepeo wa Manzese, Mama Ubwabwa wa Vingunguti, Jemedari Asiyelala. Hakuna aliyemjua mwenzake kwa sura. Gozbert alipenda iwe hivyo, maana mkuu wake kazini hakutaka kusikia habari za karani anayepiga muziki. Hata majirani zetu wa Manzese, tulikokuwa tunaishi, hawakujua.

Kifua kilipomzidi alirekodi vipindi vingi mfululizo, vingine ameegemea mto kwenye kochi la studio, Gladness wa mitambo amemshikia maikrofoni. Akafariki mwaka jana, wiki ya pili ya Kwaresima. Tangazo la kifo nililiandika mie mwenyewe: Gozbert Rwegasira, mazishi nyumbani Muleba. Likasomwa kwenye redio ileile. Jina la redioni halikunijia kabisa. Wakati ule nilikuwa nimefiwa na Gozbert, sikuwa nimefiwa na Mjomba.

Nilipotoka kuzika, mwenye redio, Bwana Taiyeb, alikuja kunipa pole. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia yake nyeupe mkononi.

"Mama, nina ombi, na ukikataa sitakasirika. Vipindi vya mzee vipo, vingi tu. Wasikilizaji hawajajua. Tuviweke hewani?"

Nilikubali kabla hajamaliza chai.

Basi ikawa hivyo mwaka mzima. Nilihamia hapa Temeke kwa mwanangu Isack, na kila Jumapili saa tisa na nusu nilikuwa nimeshaoga, nimefunga kitenge safi, nimekaa. Gladness anasoma salamu zilizoingia, halafu Mjomba anaingia na sauti yake ileile nzito: "Hamjambo wajomba zangu?" Na mie najibu, hatujambo. Mkwe wangu Felicitas alikuwa ananisikia kutoka jikoni.

Isack aliniwekea vipindi vyote kwenye flashi. "Mama, msikilize muda wowote unaotaka, siyo lazima ungoje Jumapili." Nilijaribu siku moja, nikazima. Kwenye flashi ni mie ninayemwita. Redioni alikuwa anakuja mwenyewe, kwa saa yake, kama alivyokuwaga anarudi kazini.

Sasa, jumuiya yetu ya kanisa inasali Jumamosi asubuhi, nyumba kwa nyumba. Jumamosi moja tulikuwa kwa Mzee Albano, mwenyekiti. Tulipofika kwenye maombi, Bupe fundi cherehani akainua mkono.

"Mie naomba tumwombee mgonjwa mmoja. Simjui kwa sura. Ni Mjomba Santuri wa redioni. Jumapili iliyopita alikohoa mpaka nikasimamisha cherehani. Akasema, wajomba zangu, mniombee, kifua kinanibana."

Watu wakacheka kidogo. Mzee Albano akauliza, "Jina lake la ubatizo?"

"Sijui, mzee. Huko juu wanamjua."

"Haya. Tumwombee Mjomba Santuri, Bwana amjalie uzima."

Wote wakaitika, Ee Bwana, twakuomba utusikie. Na mie nikaitika. Tena kwa sauti.

Jumapili ikafuata, na bahati ikawa wameweka kipindi cha zamani zaidi, cha kabla hajaanza kudhoofika. Alicheka, akamtania Jemedari Asiyelala kwamba wiki ile alilala, akaimba na wimbo mpaka mwisho. Nilifurahi nikasahau kila kitu.

Jumamosi Bupe alifika wa kwanza, amevaa gauni jipya.

"Mmemsikia? Hakohoi hata kidogo! Sala zetu zimefika!" Akamsogelea Mzee Albano na bahasha. "Mzee, hii ni ya misa ya shukrani, Jumapili ijayo siyo ya kesho. Andika: shukrani kwa kupona kwa Mjomba Santuri."

"Padri ataniuliza kama huyu Mjomba ni Mkristo."

"Mwandike tu, hata kama ni Mwislamu. Si kapona?"

Nyumba nzima ikacheka. Mie nilikuwa naangalia ile kalamu ya Mzee Albano inavyotembea. Kuitikia sala ni jambo moja. Kusimama mbele ya altare, padri amevaa mavazi ya misa, anamshukuru Mungu kwa kumponya mtu niliyemfumba macho kwa mkono wangu, hilo lilikuwa jingine.

Saa nne nikamfuata Bupe kwenye kibanda chake cha ushonaji.

"Shikamoo Mama Isack. Karibu, sogeza hivyo vitambaa ukae."

"Marahaba. Bupe, ile misa usiisomeshe. Mjomba amefariki."

"Kasema nani? Jumapili tu hapa kanisalimia."

"Amefariki mwaka jana, Kwaresima. Zile ni rekodi. Ni mume wangu."

Mguu wake ukasimama kwenye pedali.

"Kumbe mie namwombea maiti apone, na wewe umekaa pale unaitikia!"

"Niliitikia."

"Sasa ulikuwa unaomba nini, mama yangu?"

"Nilikuwa naomba apone."

Bupe akafuta uso na kitambaa alichokuwa anashona. Alikuwa amekasirika, nilimwona, halafu hasira ikamwishia. Akasema taratibu, "Mwaka mzima. Watu wote wale wanamtumia salamu, na hakuna hata mmoja aliyemwombea raha ya milele." Kisha akaongeza, "Lakini mie naweza kunyamaza, Mama Isack. Nitabadilisha nia ya misa niweke jina la marehemu mama. Wewe utaendelea kumsikia. Amua mwenyewe."

Nikarudi nyumbani. Kesho yake saa kumi nilikaa pale pale. Sauti ilikuwa ya mwishomwisho, ameegemea mto, namjua. Kila baada ya maneno mawili anavuta pumzi. Mwisho akasema, "Leo niacheni hapa, wajomba zangu. Nimechoka kidogo." Halafu Gladness akasoma salamu: Kipepeo wa Manzese anamwambia Mjomba afya njema. Mama Ubwabwa anasema ugua pole, ukipona nitakupikia. Mwaka mzima nilikuwa nazisikia salamu kama hizo, nikazipokea kana kwamba ni zangu. Siku hiyo zilinichoma. Mtu amechoka, na sie tunamwambia ainuke.

Jumatatu nikaenda redioni kuomba watangaze kwamba Mjomba amefariki. Bwana Taiyeb alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni haki yako, Mama. Ila tukishatangaza, sitaweza kumrudisha hewani. Watu watasema tunamchezea marehemu."

"Najua, baba."

"Hata kwa kumbukumbu, labda mara moja kwa mwaka."

"Najua."

Gladness akanipa karatasi na kalamu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Andika majina unavyotaka niyasome, mama." Nikaandika pole pole, herufi za darasa la saba: Gozbert Rwegasira, Mjomba Santuri. Nilikuwa sijawahi kuyaandika pamoja. Karatasi nyingine kama hiyo nikampelekea Mzee Albano, ile misa ya Bupe iwe ya kumwombea marehemu.

Jumapili padri aliyasoma kwenye misa, yote mawili, na mbele yake akaweka neno marehemu. Kanisa likanong'ona. Mzee mmoja wa kwaya alishika kichwa. Nyuma yangu mama mmoja alisema, "Mjomba? Mjomba wa Jumapili?" na akaanza kulia kama amefiwa na ndugu, mtu ambaye sikumjua, hakunijua. Bupe alinishika mkono mpaka komunyo.

Saa kumi jioni alikuja na redio yake, tukakaa wawili. Gladness alisoma tangazo bila kukosea. Akataja wale wote, Kipepeo, Mama Ubwabwa, Jemedari, akawaomba kila mtu amwombee kwa dini yake. Halafu akaweka wimbo ambao Gozbert alikuwa anaupenda, wenye gitaa refu.

Ulipokaribia mwisho, nikajiweka sawa kwenye kiti. Hapo ndipo alipokuwaga anaingia.

Wimbo ukaisha. Bupe akanyoosha mkono azime redio, nikamwambia, iache kidogo.