Fito za Crispin

Lusia alikuwa hodari wa usafi wa shamba, na uhodari huo ndio uliomponza. Pale Igowole, mwanamke akiacha mabua yamesimama hadi mvua za kwanza, watu hawamsemi yeye. Wanamsema mama aliyemzaa. Kwa hiyo kila baridi ilipokwisha, mikono yake ikiwa bado imepasuka, alishika mundu akafyeka kila kilichokauka, akakusanya, akachoma moto. Severina, mama mkwe wake, alisimama mlangoni akimtazama na kusema, "Mwenye mke kama huyu hana hasara." Lusia alisikia raha kidogo, akaendelea kufyeka.

Pamoja na mabua ya mahindi alifyeka pia fito za Crispin.

Crispin, mumewe, alikuwa mtunza bustani kwa mzungu mmoja wa mashamba ya chai kule Mufindi. Mwaka wa hamsini na mbili aliacha kazi, akarudi nyumbani na miche yenye miiba aliyoiviringisha katika gunia bichi, akaipanda nyuma ya nyumba. Rasiberi, alisema. Matunda mekundu, laini, yanayopenda baridi kama ya kwetu, na wazungu wanayalilia. Akamwonyesha mkewe namna ya kutia samadi na namna ya kuzifunga fito kwenye kamba zisilale. Zaidi ya hapo hakumweleza, maana majuma machache baadaye lori la kuandikisha watu wa mkonge lilipita, naye akapanda kwenda Tanga.

"Zikizaa nitakuwa nimerudi," alisema. "Wewe zitunze tu."

Maneno ya anayeondoka ni mepesi. Anayebaki ndiye anayeyabeba. Lusia aliyabeba. Aliapa moyoni kwamba fito zile zikiwa hai, naye hatoki katika nyumba ile. Na kweli, kila mvua zilichipua upya kutoka chini, kijani, za kupendeza, hadi zikampita kimo. Akazitilia samadi, akazifunga, zikamchana mikono. Hakuna ua, hakuna tunda. Baridi ikaingia, majani yakapukutika, fito zikabaki kavu kama kuni, naye akachukua mundu wake. Ikawa hivyo mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, na mumewe kimya. Tekla, jirani yao, alimwambia subira yavuta heri. Lakini mume wa Tekla alikuwa analala nyumbani, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mwaka wa nne, katikati ya baridi, Severina akashikwa na kichomi. Lusia alimkanda, akamnywesha uji, akambeba mgongoni hadi zahanati ya misheni, na siku ya kurudi akambeba tena. Mama alipopona, Lusia ndiye aliyebaki hoi. Ulikuwa uchovu usiokwisha kwa usingizi. Alilala nao, akaamka nao. Alilima kipande cha mahindi cha kuwatosha wasife njaa, na nyuma ya nyumba hakukanyaga kabisa.

"Ziote, zife, shauri yao," alisema kwa sauti, peke yake. Akaona aibu, kisha hata hiyo aibu ikamchosha.

Siku chache kabla ya Noeli alikwenda kule nyuma kumtafuta kuku anayetaga ovyo. Akasimama. Zile fito kavu za mwaka jana, ambazo kwa desturi yake zingekuwa majivu zamani, zilikuwa zimetoa matawi madogo ubavuni, na matawi yamejaa matunda mekundu. Kando yake, fito changa za mwaka huu zilikuwa majani matupu. Lusia alizitazama hizi, akazitazama zile. Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Ufito ulitaka mwaka wa kukua na mwaka wa kuzaa, naye kila mara alikuwa ameukata katikati. Alicheka. Kisha akalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira kuliko huzuni.

Akachuma bakuli zima, akalipeleka ndani.

"Mama, za Crispin zimezaa. Sasa atarudi."

Severina alitia tunda moja mdomoni, akalitafuna polepole. Machozi yakaanza kumtoka.

"Keti, mwanangu."

"Nina kazi, mama."

"Kazi itangoja. Keti." Lusia akaketi mkekani. "Crispin harudi. Ana mke huko Korogwe, na watoto wawili. Liberatus wa kwa Kalinga aliniambia, aliporudi kutoka mkongeni."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka jana nilifyeka shamba lote hili. Ukasimama mlangoni ukanisifu."

"Nilikusifu."

"Ukijua."

"Nikijua. Niliogopa, mwanangu. Ungekwenda zako, mimi nani angenitekea maji? Nikasema nife kwanza, ndipo uende. Halafu nikaugua, na wewe ukanibeba mgongoni mpaka misheni. Toka siku ile sina usingizi."

Lusia alimchukia. Alimchukia kwa haki, na alijua ana haki. Akatafuta sauti ya kumpigia kelele mwanamke yule, akakuta hata sauti yenyewe imechoka.

"Nenda kwenu Mafinga," Severina alisema. "Wewe bado kijana. Padri akikuuliza habari ya ndoa, mwambie aende Tanga akamuulize yule mliyeapa naye." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Unaondoka lini?"

Lusia alilisukuma bakuli kando, akajinyoosha palepale mkekani, mchana kweupe, maji hayajatekwa, moto haujawashwa. Akafumba macho.

"Nikiamka, mama."