Sarafu ya Wasichana

Bwana Qiu, mkaguzi wa sarafu za kale, hakuitia yangu kwenye mizani. Aliishika katikati kwa kucha mbili, akaipuliza ukingoni, akaisogeza upesi sikioni. Fedha halisi ikipulizwa huimba. Yangu ilinyamaza.

"Shangazi, nisikudanganye. Hii bandia, shaba iliyopakwa nikeli. Mtazame huyu rais wa zamani tunayemwita Kichwa Kinono, pua yenyewe kama kapigwa ngumi!"

"Siuzi," nikamwambia. "Nataka kujua jambo moja tu. Ukiitia ndani ya yai la moto, itageuka nyeusi?"

Akacheka. "Hii? Hata uipike na trei nzima ya mayai. Fedha ndiyo huwa nyeusi, kwa sababu ya hewa ya yai."

"Hata kama mtu haumwi?"

"Shangazi nawe! Yai litajuaje nani anaumwa?"

Kwetu Hunan, mtoto akishikwa na homa, mama huchemsha yai, hutoa kiini, hutia sarafu ya fedha kwenye ute, hulifunga kwa kitambaa na kumsugua nalo tumboni. Sarafu ikitoka nyeusi, ugonjwa upo na umevutwa nje. Ikitoka nyeupe, mtoto anajisingizia.

Nyumbani tulikuwa na mbili. Moja ya kaka yangu Dehou, nyingine ya mimi na mdogo wangu Cuiying. Ya Dehou ilitoka nyeusi tii kila mara, naye akalala akinyweshwa supu ya kuku. Yetu haikuwahi kugeuka. Msimu mmoja wa kupandikiza mpunga, Cuiying alitetemeka hadi meno yakagongana. Mama akamsugua, akafungua kitambaa, akamwonyesha sarafu inang'aa.

"Mvivu mkubwa wewe! Ona mwenyewe. Haya, shambani!"

Akaenda. Jioni tulimwopoa kwenye maji ya mpunga, na asubuhi hakuiona.

Miaka yote nilimtetea mama. Nilisema aliiamini sarafu, kama sote tulivyoiamini. Basi nikatoka kwa Bwana Qiu moja kwa moja hadi kwa Dehou, anakoishi mama sasa, nikamkuta anamenya maharage. Nikaiweka sarafu mbele yake.

"Mama, hii bandia."

"Najua," akasema, mikono haikusimama. "Baba yako alipunjwa sokoni kabla hamjazaliwa. Tungeitupa?"

"Ulijua, na bado ukamsugua nayo Cuiying?"

"Halisi ilikuwa moja, Guilian. Ulitaka mtoto wa kiume nimpe bandia?"

"Ungewasugua wote kwa hiyo moja!"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini nguruwe hakaribishwi mezani. "Ivute ugonjwa wa wasichana, kisha nimwekee mwanangu tumboni? Una akili kweli?"

Nilimchukia mama yangu pale pale, na wala sikuona haya. Nikanyoosha mkono kuchukua sarafu.

"Iache hapo," akasema. "Dehou kapata mjukuu wa kike."

Nikaitia mfukoni. "Huyo akiumwa, mpelekeni hospitali."

"Kwa kila kihoma?" akauliza mama, akavuta ungo wake wa maharage karibu.